Gia ya Pili na Mama Mkwe

Zombe hakuna farasi. Hajawahi kufika hata mmoja, isipokuwa yule wa kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo. Lakini siku ya soko simama kando ya uwanja wa mbuzi, useme kwa sauti ya wastani tu kwamba unafikiria kununua pikapu, utashangaa jinsi watu walivyobobea katika hesabu ya farasi.

"Hiyo ina farasi mia moja na zaidi."

"Wapi! Hiyo ni themanini, na nusu yao wana homa."

Watu ambao wangepimiwa injini kwa punda wangeelewa mara moja, hao hao hubishana juu ya farasi mpaka mbuzi wenyewe wanachoka kusimama.

Safari hii ubishi ulimhusu Musyimi. Musyimi alikuwa akinunua mbuzi Zombe na vijiji vya ng'ambo ya mto, akiwapeleka Salama, pale kwenye barabara ya Mombasa ambapo msafiri aliyeshiba hunusa moshi wa nyama na kugundua kuwa hajashiba. Kwa miaka mingi alikuwa akikodi pikapu ya rafiki yake Nyamai. Sasa alitaka yake, na soko zima lilikuwa limekwisha kumchagulia.

Aliyeongoza uchaguzi ni Nyamai mwenyewe. Pikapu yake watu waliiita Ndume. Ilikuwa ya dizeli, kuukuu, na ilinguruma mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga. Kwa ndani ilikuwa mabati matupu, kiti kimoja kirefu kigumu kama benchi la polisi, na tundu sakafuni ambalo Nyamai aliliita kiyoyozi.

"Gari ni injini," Nyamai alihubiri. "Hayo mengine ni mapazia. Wewe unabeba mbuzi ama maharusi? Nunua ndugu ya Ndume, umalize."

Gabow alicheka. Gabow alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Zombe kutoka kaskazini, mtu aliyekula vumbi la barabara nyingi kuliko ugali. "Warya, Nyamai," alisema, akimwita kwa lugha ya kwao, "tangu nipande gari yako mgongo wangu unatabiri mvua."

"Na mbuzi wako wamewahi kuchelewa?"

"Mbuzi hawajachelewa. Mimi ndio nilifika nusu."

Musyimi alicheka nao, lakini ndugu ya Ndume hakumtaka. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo haikuwa ya kutamkwa mbele ya wanaume. Sababu hiyo ilikuwa gia ya pili.

Wakamba wana kitu kinachoitwa nthoni. Ni heshima iliyochanganywa na aibu kama maji na unga: ukishasonga sima, huwezi tena kuvitenganisha. Nthoni huwakalia mwanaume na mama mkwe wake. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na desturi haijali kama kichaka kina miiba. Siku hizi wapo wanaopiga selfie na mama mkwe wakiwa wametoa ulimi. Musyimi hakuwa mmoja wao, na mama mkwe wake, Mutindi, angeimeza simu kwanza.

Sasa, huyu Mutindi macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Wale wa kliniki ya macho ya Kitui walisema ukungu huo unatolewa, wakampa siku yake, na wakamwonya kwamba akiikosa atarudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ndefu kama ya kuingia mbinguni. Nyumbani kwake kulikuwa ng'ambo ya mto. Matatu hazikufika. Boda boda ilimwangusha mara moja, na tangu hapo aliapa hatakaa tena pembeni ya kitu chochote kinachotembea, maana haoni kama kimefungwa au kiko wazi. Hata kanisani, ambako benchi halijawahi kwenda popote, alikaa katikati.

Atapelekwa Kitui na mkwewe, basi. Na atakaa katikati.

Ndani ya gari kama Ndume, fimbo ya gia huchomoza sakafuni katikati, na abiria wa katikati huikumbatia kwa magoti. Gia ya kwanza ina adabu, inakwenda mbele, kule kwenye redio. Gia ya pili inarudi nyuma, kushoto, moja kwa moja kwenye goti. Na kutoka mto ule mpaka juu ya mlima ni gia ya pili mwanzo mwisho.

Musyimi alikuwa ameota ndoto hiyo mara kadhaa. Kila mara aliamka kabla hajabadilisha gia.

Lakini kulikuwa na jambo lingine chini ya hilo. Ule mwaka wa kiangazi kikali, mbuzi wa Musyimi walikufa wote, mmoja mmoja, mpaka akabaki na kengele. Hapo ndipo Mutindi alipomwita bintiye Nzisa, mke wa Musyimi, akamkabidhi mbuzi wawili wenye mimba. Hakusema ni mkopo, hakusema ni zawadi. Alisema, "Wapeleke." Kutokana na hao wawili ndipo kulitoka zizi lote la sasa, karo ya watoto, na hata hii jeuri ya kuzungumzia pikapu. Na Musyimi hakuwahi kumshukuru. Alituma sukari. Alituma leso. Alimtuma Nzisa na maneno mazuri. Lakini asante ya kutumwa ni kama chai ya kutumwa: inafika, ndiyo, lakini imepoa.

Kwa hiyo walipokwenda yadi ya magari mjini Kitui, yeye na Nzisa, muuzaji hakuwaelewa hata kidogo. Jina lake Roselyne, dada mwenye viatu virefu katikati ya kokoto, na alikuwa na hotuba yake tayari.

"Karibuni. Mzee, hii tunaita Bibi Arusi. Viti vya ngozi, redio ina skrini, mlango unafungwa kwa kidole. Hii ingine, injini yake…"

"Gia ya pili inaishia wapi?" Musyimi aliuliza.

"Pardon?"

"Nzisa, ingia. Kaa katikati."

Nzisa aliingia Bibi Arusi akakaa katikati, akijiuma mdomo. Musyimi akashika usukani, akakanyaga klachi, akaweka gia ya pili. Mkono wake ukagonga goti la mke wake.

"Hapana," alisema, akashuka.

Roselyne alimtazama, akamtazama Nzisa, ambaye sasa alikuwa ameinamia dashibodi mabega yakitetemeka kwa kicheko. Isitoshe, Bibi Arusi ilikuwa na injini ndogo. Gabow alikuwa amemwonya Musyimi mapema juu ya magari ya aina hiyo: mpe mbuzi wanane na mlima, uone akiomba maji.

Wakajaribu nyingine. Goti. Nyingine tena. Goti. Hatimaye Roselyne akaweka chini karatasi zake za bei. "Mzee, niulize bila kukosa heshima. Goti la nani?"

Nzisa akacheka upya, na Roselyne akashusha sauti.

"Ni mama mkwe?"

Musyimi akaanza kuchunguza tairi ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Si ungesema!" Roselyne alipiga makofi. "Mimi nimeolewa Makueni, na nina baba mkwe. Tukikutana njiani mmoja wetu lazima aingie kwa mahindi. Na kiangazi hakuna mahindi! Mwezi uliopita mzee wa watu amesimama nyuma ya mhindi mmoja mkavu, amefunga macho, ati amejificha. Kujeni huku."

Akawapeleka nyuma kabisa ya yadi, kwenye pikapu fupi ya rangi ya majani makavu. Mbele ilikuwa na nafasi ya watu watatu bila kubanana. Sakafu ilikuwa tupu. Gia yake ilikuwa kifungo cha mviringo kwenye dashibodi, kama cha jiko la gesi: unazungusha, gari linajiamulia mengine. Injini ilikuwa ya kadiri tu, ndogo kuliko ya Ndume, lakini ilikuwa na turbo, na ikiwaka unasikia inzi. Nyuma ya kikinga-jua cha abiria kulikuwa na kioo kidogo chenye taa yake.

"Na inaongea," Roselyne alisema. Akawasha. Mwanamke mpole akazungumza kutoka ndani ya dashibodi, kwa Kiingereza cha kusoma taarifa ya habari, akiwatakia safari njema.

Musyimi aliuliza swali moja tu la injini, kwa aibu ya kutouliza lolote. Kisha akainunua.

Zombe walimpokea kama mtu aliyeoa bila kuuliza ukoo. Kabla ya saa sita gari lilikuwa limeshabatizwa Kasuku.

"Ikiharibika utaipeleka kwa fundi ama kwa mwalimu wa Kiingereza?" Nyamai aliuliza. Alifungua mlango, akashusha kikinga-jua, akaona kioo kimewaka taa. Alibaki ameshika kiuno. "Kioo cha poda! Jameni! Watu wa Zombe, mbuzi wa Musyimi watafika Salama wamejipaka lipstiki!"

"Wacha wajipake," alisema Gabow. "Nyama ya mwenye kujipenda ni tamu."

"Farasi wangapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Musyimi akataja. Kundi zima likainamisha vichwa, kama watu waliosikia habari ya msiba wa mbali. Wengine walimpa pole kweli.

Siku ya kliniki ilifika. Alfajiri Kasuku alivuka mto akiwa mtupu, bila shida, na Musyimi akaanza kuvimba kichwa. Wakamchukua Mutindi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi, na kiondo chake kimejaa ndengu za kupelekea binamu yake wa Kitui ambaye angelala kwake. Musyimi alisimama nyuma ya gari akitazama mlima mpaka mama mkwe alipokwisha kupandishwa. Mutindi katikati, Nzisa mlangoni. Musyimi akaingia, macho mbele, shingo imekauka kama ya mwanajeshi kwenye gwaride. Nyuma kulikuwa na mbuzi kumi waliopakiwa huko huko ng'ambo, maana hakuna mtu wa Zombe anayekwenda Kitui na gari tupu hata akimpeleka mgonjwa, na katikati ya mbuzi alisimama Gabow, aliyekuwa na mambo yake mjini.

Mto ule ni mto wa jina. Maji hupita siku chache kwa mwaka, siku nyingine zote ni mchanga, na malori ya mchanga yalikuwa yameulima kama shamba. Daraja huahidiwa kila uchaguzi, na kila uchaguzi mto hupiga kura ukakaa ulivyo. Ukingoni upande wa pili, Nyamai alikuwa amesimama kando ya Ndume, kamba begani, tabasamu mpaka masikioni. Alikuja, alisema baadaye, kwa upendo tu.

Katikati ya mto Kasuku akaanza kuhema. Tairi zikazunguka, mchanga ukaruka, gari likakaa chini kama kuku anayelalia mayai.

"Niwaletee farasi?" Nyamai alipaza sauti.

Musyimi alitazama juu. Jua lilikuwa limeshapanda. Foleni ya Kitui ilikuwa ikisogea bila wao. Kwa hiyo angemwita Nyamai, angemeza matusi yote na kamba juu, lakini Gabow alikuwa ameruka chini tayari.

"Hakuna kamba! Punguza upepo wa tairi." Akazunguka akitoa upepo, tairi moja baada ya nyingine, *psss*, kisha akatupa matawi mbele ya magurudumu. "Sasa tusukume. Nyamai, acha kucheka, kuja usukume! Dada, shuka na wewe."

Nzisa akashuka, akafunga mlango vizuri ili mama yake asikie umefungwa, akaweka kiondo cha ndengu kwenye kiti chake.

"Musyimi, sikiza!" Gabow alipiga bodi kwa kiganja. "Ikitoka usisimame. Ukisimama umezama. Usisimame mpaka juu kanisani!"

Wakasukuma. Nyamai naye alisukuma, lazima tumpe haki yake, akitukana kila farasi kwa jina. Kasuku akatikisika, akapata mshiko kwenye matawi, akatoka, akaupanda ukingo, akashika mlima. Musyimi alipiga kelele za furaha. Kisha akatazama kioo cha pembeni, akawaona Nzisa, Gabow na Nyamai wanakuwa wadogo, wakirukaruka na kupunga mikono.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amefanya.

Ndani ya gari kulikuwa na yeye na mama mkwe. Bega kwa bega, karibu. Kusimama hawezi. Kichaka hakuna. Alijisogeza mpaka sikio likagusa kioo cha mlango. Mutindi alijivuta upande wa pili mpaka leso ikamfunika pua. Na gari likapanda, kimya, kimya kabisa. Angekuwa na Ndume, ngurumo ingewaokoa. Mtu hawezi kuona aibu ndani ya mashine ya kusaga. Katika Kasuku alisikia mama mkwe akimeza mate.

Ndipo dashibodi ikalia *ting*, na mwanamke yule mpole akasema jambo kwa Kiingereza chake.

Mutindi alishtuka. Akasikiliza. Mwanamke akarudia.

"Asi!" alisema Mutindi polepole, akiielekea dashibodi. "Kumbe kuna mtu humu." Akatengeneza leso. "Wewe mama uliye humo ndani. Muulize huyo dereva, unasema nini?"

Musyimi alikodolea macho barabara. Kisha akaiambia dashibodi, kwa adabu zote:

"Mama wa gari. Mwambie mama kwamba unataka mtu afunge mkanda."

"Mwambie wangu nimefungwa na Nzisa tangu nyumbani. Anaambiwa nani?"

Musyimi akatupa jicho upande wa mlango, akaona. "Mwambie ni kiondo. Ndengu ni nzito. Gari linadhani kiondo ni mtu."

Kisha leso ikaanza kutikisika. Mutindi alikuwa anacheka, kicheko cha chini chini cha mtu aliyekatazwa kucheka, kile kile cha Nzisa kule yadi. "Basi," alisema, "kuna mimi, kuna dereva, kuna mama wa humo ndani, na kuna kiondo. Tuko wanne. Watu wanne si aibu."

Hakuna mzee wa ukoo ambaye angetoa hukumu nzuri kuliko hiyo. Musyimi akahisi shingo yake ikilegea. Mlima ulikuwa bado. Kanisa lilionekana juu, paa la bati likimeta, na alijua akifika pale itabidi ashuke, asimame mbali, na mlango huu hautafunguka tena maisha yake yote.

"Mama wa gari," alianza. Akakigusa kile kifungo cha gia bila sababu, akakiacha. "Mwambie mama… mwambie wale mbuzi wawili. Mwambie mmoja alizaa mapacha usiku wa mvua ya kwanza. Mwambie mjukuu wake Ndanu anasoma kwa sababu ya huyo. Mwambie hata wewe mwenyewe, gari, umetoka kwa hao mbuzi. Nilibaki na kengele mkononi. Nilikuwa nataka kwenda, nipotelee Mombasa. Nzisa akaingia na kamba mbili. Mwambie sijawahi kusema asante kwa mdomo wangu, na mdomo ndio huu."

*Ting*, ilisema dashibodi, ikaomba kiondo kifunge mkanda.

Mutindi alipitisha ncha ya leso machoni, yale macho yenye ukungu.

"Mwambie," alisema mwishowe, "yeye sikumpa mbuzi. Mbuzi niliwapa wajukuu. Yeye nilimpa kazi." Akavuta pumzi. "Na mwambie kazi ameifanya. Nilisikia kengele zikirudi mtoni jioni, nikazihesabu kwa masikio. Kila mwaka zilikuwa nyingi zaidi. Nikawa nalala vizuri. Mwambie hiyo ndiyo asante, niliipokea zamani."

Kasuku akafika kanisani. Musyimi akasimamisha gari, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya choo cha kanisa kama inavyompasa mtu mwenye nthoni, na huko akalia vizuri, bila kusumbuliwa. Nzisa alipofika anahema alimkuta anapangusa uso kwa shati.

"Baba Ndanu, nini? Mama amekosa hewa?"

"Vumbi," alisema.

"Juu ya mlima?"

"Vumbi la mlima."

Walifika Kitui kwa wakati, upepo wa tairi ukajazwa njiani, ukungu ukatolewa, na Mutindi akalala kwa binamu yake na ndengu. Kesho yake bandeji ilitolewa, na Musyimi na Nzisa wakaja kumchukua.

Alitoka kwenye lango la kliniki amejifunika leso, akitembea peke yake. Alitazama mti. Alitazama mwanamke aliyeuza ndizi, akatazama na ndizi moja moja. Alipofika kwenye gari, akapapasa mlango wa abiria, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akiangalia jinsi kitasa kinavyoshika.

"Leo nitakaa hapa," alisema. "Pembeni. Naona kumefungwa."

Nzisa akakaa katikati.

Walikwenda mpaka wakatoka mjini. Musyimi alitazama mbele, shingo ya gwaride. Mutindi alitazama dirishani, akisoma kwa sauti mabango yote, hata ya waganga. Jua lilikuwa likimpiga. Akainua mkono, akashusha kikinga-jua, na kile kioo cha poda, kile kilichochekwa na Zombe nzima, kikawaka taa.

Desturi inasema mtu asimtazame mkwewe usoni. Kuhusu kioo haijasema lolote. Mutindi alikigeuza kidogo kulia, polepole, kama anayetafuta stesheni ya redio. Akatulia hapo kwa muda mrefu.

"Mama wa gari," alisema.

Dashibodi haikuwa na la kusema. Kila mtu alikuwa amefunga mkanda.

"Mwambie ana mvi," alisema Mutindi. "Hakuna aliyeniambia ana mvi. Na mwambie nilidhani ni mrefu."

Nzisa aliangua kicheko mpaka akagonga dashibodi kwa paji la uso. Musyimi hakugeuka. Alimwaza Nyamai, ambaye pengine sasa hivi alikuwa pale sokoni akiwaeleza watu kwa mara ya mia jinsi Kasuku alivyolala mtoni kwa kukosa farasi. Na ilikuwa kweli. Farasi wangekuwa wanatosha, gari lingevuka, Nzisa asingeshuka, na yeye angezeeka na asante yake mdomoni. Akawashukuru moyoni wale farasi wote ambao hawakuwepo.

"Mama wa gari," alisema, macho barabarani, "mwambie mama nitajitahidi."